Kilichomo kwenye sufuria: mhudumu wa afya na mimea ya uani

Mtoto ana homa tangu jana jioni. Mhudumu wa afya ya jamii anapiga hodi, anatandikiwa mkeka, anauliza: "Mmempa dawa gani?" Anajibiwa: "Hatujampa dawa yoyote." Huko jikoni kuna sufuria la majani ya mwarobaini, na mtoto ameshanyweshwa mara tatu.

Hapo hakuna aliyedanganya. Kwa mwenye nyumba, dawa ni kile kinachotoka zahanati au dukani, na majani ya uani ni majani tu. Kilichokosewa ni swali. Uliza kwa vitendo: tangu homa ianze, mtoto amekunywa nini na nini? Amepakwa nini? Ameogeshwa na nini? Amefukizwa? Na kabla ya kuuliza, angalia ua. Mwarobaini uliovunjwa matawi ya chini juzi unajulikana kwa macho. "Shikamoo bibi. Naona mwarobaini wenu mmeuchuma, siku hizi mnautumia kwa lipi?" Bibi atakueleza mpaka kiasi cha vikombe, kwa sababu umemuuliza kama mtu anayeujua mti.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mhudumu wa afya ngazi ya jamii anatakiwa kuijua mimea ya uani vizuri kama anavyojua kusoma kipimo cha malaria. Anayeijua huambiwa ukweli, na anayeidharau hufichwa. Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilipozindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa, lengo lilikuwa kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Hao ni watu watakaoingia nyua nyingi kuliko daktari yeyote.

Mipaka iwe wazi tangu mwanzo. Kutibu watu kwa tiba asili ni kazi ya mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 2002. Mhudumu hauzi majani wala haandiki dozi za mizizi. Kazi yake ni kujua ni mmea gani, unafaa mpaka wapi, na nani asiuguse.

Kwanza hakikisha ni mti wenyewe

Kosa kubwa kuliko yote halipo kwenye kipimo. Lipo kwenye jina. Mwarobaini una ndugu yake, mmelia, ambaye watu wengi nao humwita mwarobaini. Wamepandwa pamoja kwenye nyua za shule, misikitini na kando ya barabara. Mmelia una sumu, hasa matunda yake: mtu hutapika, huharisha, na akila mengi hupata degedege.

Kuwatofautisha si kazi ngumu ukishika tawi mkononi. Kwenye mwarobaini, vijani vimepangwa moja kwa moja kwenye uti mmoja wa jani, kushoto na kulia, basi. Kila kijani kimepinda kidogo kama mundu na kingo zake zina meno ya msumeno. Kwenye mmelia, uti wa jani hutoa matawi madogo kwanza, halafu vijani hukaa kwenye hayo matawi. Jani zima ni pana, limegawanyika mara mbili au tatu. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau hafifu. Tunda la mwarobaini limerefuka kama zeituni dogo, huiva njano na kudondoka. La mmelia ni duara, na vishada vyake hubaki vikining'inia hata majani yote yakipukutika. Kokwa yake ina mifereji, na ndiyo watu hutunga shanga. Ukiona mti mkavu wa majani lakini umejaa vitufe vya njano, huo si mwarobaini.

Fundisheni hilo kwa tawi halisi, moja kila mkono. Picha kwenye simu hazionyeshi meno ya jani.

Mwarobaini: unachofanya na usichofanya

Jina linadai magonjwa arobaini. Mimi ningeanza na moja, upele ule wa kuwasha usiku unaoingia nyumba nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 huko India uliwapaka watu 814 rojo la majani ya mwarobaini na manjano, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiuchukulie kama hukumu ya mwisho, lakini nyumba isiyo na hela ya dawa ya kupaka ina pa kuanzia.

Chukua majani mabichi sehemu nne, manjano sehemu moja. Osha, twanga mpaka yawe laini kabisa, paka mwili kuanzia shingoni kwenda chini, usisahau katikati ya vidole, viganja, kiunoni na sehemu za siri. Acha likauke. Rudia kila siku. Wapakwe watu wote wa nyumba siku ileile, hata asiyejikuna, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto yaanikwe juani. Mahali ambapo matibabu haya hushindwa ni hapo: anapakwa mtoto peke yake, analala na dada yake ambaye hajapakwa, na wiki mbili baadaye upele umerudi. Vidonda vikiwa na usaha, au mtoto akiwa mchanga, ni zahanati.

Kwa malaria, hapana. Chai ya mwarobaini ni chungu sana na watu huuchukulia ule uchungu kuwa nguvu, kama kwinini. Homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo ikishuka saa chache baada ya kikombe, majani hupewa sifa. Mtoto mwenye homa apimwe ndani ya saa 24. Usimkaripie aliyechemsha, mwambie kikombe kisimzuie kwenda.

Mafuta ya mbegu za mwarobaini ni jambo jingine kabisa. Mtoto asinyweshwe hata tone. Wako watoto wachanga walioripotiwa kupata sumu kwa kunyweshwa kuanzia mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai: kutapika, usingizi mzito, kupumua haraka, degedege, ndani ya saa chache. Mama mjamzito, au anayetafuta ujauzito, naye asinywe mwarobaini wa aina yoyote.

Pakanga na chai ya malaria

Hapa ndipo mabishano hupamba moto, maana mwenye pakanga ana hoja. Dawa mseto tunayopewa zahanati ina artemetha, iliyotokana na artemisinini, na artemisinini inatoka kwenye mmea wa jamii ya pakanga, *Artemisia annua*, uliowahi kulimwa kibiashara hata Arusha. Mtu anauliza: kama dawa imo kwenye mmea wangu, vidonge vya nini?

Jibu liko kwenye sufuria. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na moto huiharibu. Mtaalamu wa China, Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipata dawa yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale alipoacha kuchemsha na kutumia etha kwenye joto la chini. Kikombe cha chai hutoa dawa kidogo isiyojulikana kiasi, leo hivi, kesho vile, kwa kutegemea jani, msimu na jinsi lilivyokaushwa. Kiasi kidogo hupunguza vimelea bila kuvimaliza. Homa inashuka, siku chache baadaye inarudi, na vimelea vilivyobaki vimeanza kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutumia mmea huo usiosindikwa kutibu au kuzuia malaria. Isitoshe, pakanga nyingi za uani kwetu ni *Artemisia afra*, ndugu yake, na hiyo si chanzo cha dawa ile hata kwa kuanzia.

Dawa mseto ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Inywewe na chakula chenye mafuta, uji wa karanga au maziwa, kwa kuwa bila mafuta haiingii mwilini vizuri. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya pili kwa sababu mtoto ameanza kucheza.

Na degedege. Kwenye maeneo mengi ya pwani bado kuna hofu kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo anafukizwa kwanza. Hofu hiyo haiondoki kwa kubezwa. Mweleze bibi kwamba sindano hulaumiwa kwa sababu mtoto hufikishwa akiwa amechelewa sana. Mtoto anayepata degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au aliyelegea haamki, anaondoka nyumbani sasa hivi. Asinyweshwe chochote njiani, kwani kitaingia kwenye mapafu.

Mlonge

Mlonge, mzunze, mronge, yote majina yake. Majani ni chakula kizuri sana, na ningependa kila kaya yenye mtoto mdogo iwe na mti mmoja. Chuma majani, toa vijiti, osha, tandaza kwenye kitambaa safi ndani ya chumba chenye hewa. Kivulini, siku mbili mpaka nne, ukigeuza kila siku. Jua hula vitamini A, ndiyo maana unga wa mlonge uliokaushwa juu ya bati huwa wa kahawia badala ya kijani. Jani likisagika ukilifinya, twanga, chekecha, weka kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga. Unga ukitoa ukungu, mara nyingi vijiti havikutolewa. Jani hukauka mapema, kijiti hubaki na maji ndani.

Uji ukishaipuliwa, ndipo unga uingie, kijiko kimoja cha chai kwa bakuli la mtoto aliyekwisha kuanza kula. Anza na nusu, maana wengine tumbo hulegea mwanzoni. Na utepe wa kupimia mzingo wa mkono ndio unaoamua: chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, mtoto huyo anahitaji matibabu ya utapiamlo mkali, na uji wa mlonge haumfai kama mbadala. Mizizi na magome ya mlonge yasinywewe, kwa mjamzito hasa.

Mbegu husafisha maji ya tope. Mbegu kavu iliyoiva, menya ganda, twanga nyeupe ya ndani: moja kwa lita moja ya maji yenye tope kidogo, mbili yakiwa machafu sana. Changanya na maji kidogo, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye ndoo, koroga haraka dakika moja au mbili, halafu polepole dakika tano hadi kumi, acha saa moja mpaka mbili. Tope litakaa chini. Mimina ya juu bila kutikisa, kisha chemsha au tia dawa ya maji. Watu huruka hatua hii ya mwisho kwa kuwa maji yameng'aa. Mbegu huondoa tope na vijidudu vingi vilivyoshikana nalo, ila si vyote, na yakikaa zaidi ya siku moja vijidudu huzaana tena, kwa sababu mbegu imeacha chakula chao humo ndani.

Shubiri, mpera na mvuke

Kuungua: kwanza maji baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Dakika 20 ni ndefu kuliko unavyodhani, angalia saa. Dawa ya meno, tope, unga na mayai visiguse kidonda. Baada ya maji, kama ngozi imekuwa nyekundu tu bila malengelenge, shubiri (alovera) hutuliza. Kata jani la nje lililokomaa, lisimamishe kwenye bakuli upande uliokatwa ukiwa chini, dakika 15, utomvu wa njano uchuruzike. Utomvu huo huwasha ngozi na ukinywewa huharisha vibaya, mjamzito asionje. Osha, menya, paka ule ute mweupe, na uliobaki tupa. Malengelenge yakitokea, au jeraha likizidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, apelekwe. Zile shubiri za porini zenye madoa si ileile ya uani.

Majani machanga ya mpera, sita au saba kwenye vikombe viwili vya maji, yakichemshwa dakika kumi, hupunguza kuharisha kwa mtu mzima. Kwa mtoto, muhimu ni maji anayopoteza. Apewe ORS (ile ya pakiti ya chumvi na sukari) na zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake akiwa chini ya miezi sita. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita na chumvi nusu kijiko, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Chumvi ya kukadiria kwa mkono ni hatari. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Chai ya mpera ni chungu, mtoto huikataa, halafu anakataa na ORS. Sababu hiyo peke yake inatosha kuiacha. Damu kwenye choo, zahanati.

Nyungu, yaani kujifukiza, ilienea sana mwaka 2020. Mvuke wa mkaratusi na mchaichai hufungua pua, na faida yake inaishia hapo. Ajali ni sufuria kupinduka ndani ya blanketi. Mtu mzima atumie beseni lililokwisha ondolewa jikoni, juu ya meza isiyoyumba, taulo kichwani tu. Mtoto asifukizwe kabisa. Asali kwa kikohozi ni nzuri, ila kamwe kwa aliye chini ya mwaka mmoja.

Tangawizi kwa kichefuchefu cha mimba, vipande vichache kwenye kikombe, haina shida. Mchaichai na kivumbasi ni mimea ya kupandwa tu bila woga: chai tamu ile ya kwanza, na ya pili hufukuza mbu ikiningʼinizwa mlangoni, huku chandarua kikibaki palepale. Majani ya aina hii yamiminiwe maji yaliyochemka na kufunikwa dakika kumi. Ile harufu ndiyo dawa yenyewe, na sufuria wazi huipeleka darini. Chupa ya kuhifadhia isiwe iliyowahi kubeba dawa ya kilimo, hata ikioshwa mara kumi. Wala usichume karibu na mikorosho iliyopuliziwa salfa.

Wale wa kwenye uzio

Mnyaa ni uzio mzuri, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Suuza kwa maji mengi dakika 15 na zaidi, kisha apelekwe. Mbegu za mbono na za mnyonyo ni tamu machoni pa mtoto, na zote zina sumu. Za mnyonyo zikitafunwa huua. Mnanaha, wenye maua kama tarumbeta na tunda la miiba, humfanya mtu awe na mboni kubwa, ngozi kavu ya moto na maneno yasiyoeleweka, akadhaniwa amepandisha mashetani. Aliyekula asitapishwe.

Vidonge na kikombe

Mwaka 2011 watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, hatari kubwa haikuwa kile kikombe. Ilikuwa kuacha vidonge. Hali ni ileile kwenye ua wowote. Juisi ya choya (rozela) hushusha presha kidogo. Mgonjwa anajisikia vizuri, anaacha dawa, na presha inapanda kimyakimya. Karela (tango chungu) hushusha sukari, na juu ya vidonge vya sukari inaweza kuishusha kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Apewe sukari vijiko vitatu au vinne kwenye maji kama anaweza kumeza, na kliniki iambiwe. Anayetumia ARV asianze mmea wowote wa kila siku kabla kliniki yake haijajua.

Kwenye fomu ya rufaa, hata kama haina nafasi hiyo, andika nyuma: mmea kwa jina la kijijini, sehemu iliyotumika, umechemshwa au umelowekwa, vikombe vingapi, mara ya mwisho saa ngapi. Vunja tawi lenye majani, na ua au tunda kama lipo, lifunge kwenye gazeti lisinyauke vibaya, aende nalo mgonjwa. Kilichobaki kwenye sufuria kitiwe kwenye chupa, nacho kiende.